Mzee wa miaka 19 na hodi ya sikukuu

Kwenye barza yetu ya Kikwajuni, mjini Unguja, yupo kijana tunayemwita Mzee. Ana miaka 22, ndevu zake bado zinajaribu, na wazee wa kweli wa pale, wenye bao lao na vikohozi vyao, hawakulipenda jina hilo walipolisikia mara ya kwanza. Lakini yeye hakujipachika. Alitusimulia tu kwamba alipokuwa na miaka 19 alivaa beji nyeusi kifuani, ina jina la ukoo wake na mbele yake cheo ambacho kwa Kiswahili cha kanisa lake ni Mzee, na kwa miaka miwili hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na mama yake.

“Mzee wa miaka kumi na tisa?” akauliza jirani yetu mmoja, kete kaishika hewani. “Basi sisi tuitweje, marehemu?”

Jina likaganda.

Mzee ni Msukuma wa Mwanza. Amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwa mama yangu, na kazi yake ni ukarani wa hesabu katika biashara moja ya watalii hapa mjini. Ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile lililoanzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830, na ambalo makao yake makuu leo yako Salt Lake City, jimbo la Utah. Watu wamezoea kuwaita Wamormoni. Tangu 2018 viongozi wao wamekuwa wakisisitiza jina litajwe kamili. Mimi nitatumia lile fupi kwa sababu ya nafasi, na Mzee amenisamehe.

Shida ya kwanza aliyotuletea haikuwa ya aya wala hoja. Ilikuwa kahawa. Muuza kahawa alipita na dele lake, akamjazia, Mzee akafunika kikombe kwa kiganja: ahsante, situmii. Akaletewa chai. Hiyo nayo hatumii. Wana mwongozo wa mwaka 1833 wanaouita Neno la Hekima, unaowakataza pombe, tumbaku, kahawa na chai ya majani. Sasa mtu wa barza asiyekunywa kahawa ni kama baharia asiyetaka maji yamguse, na kwa siku kadhaa watu walikuwa hawajui wamfanye nini. Mama yangu ndiye aliyeumaliza mjadala: mchaichai. Unauchemsha wenyewe, majani ya chai hutii, tangawizi kidogo na sukari. Mzee aliuliza mara mbili kama kweli hamna majani ya chai ndani, kisha akanywa vikombe vitatu.

Nimemdadisi muda mrefu juu ya ile miaka miwili, na kila nikimdadisi tunarudi pale pale, kwenye sikukuu. Nilidhani angenisimulia milango aliyofungiwa au mbwa waliomkimbiza. Hayo anayo, na anayasimulia huku akicheka. Kinachomfanya anyamaze ni tarehe 25 Disemba. Nami nimefikia kuamini kwamba siku inayompima mmisionari kijana ni ile ambayo hana kazi ya kufanya, na kwamba wakubwa wake, wa dini yoyote ile, huwa hawajui waifanyeje siku hiyo. Jambo hili linatuhusu sisi wa Unguja na Pemba kuliko tunavyodhani.

Utaratibu wao ni huu. Kijana hachagui aendako. Barua ya wito hutoka Salt Lake City ikamwambia nchi. Wavulana hutumikia miezi 24, wasichana 18. Mwaka 2012 umri wa kuanza ulishushwa, wavulana kutoka 19 hadi 18 na wasichana kutoka 21 hadi 19, na idadi ikapanda. Mwisho wa 2024 walikuwa zaidi ya 74,000 duniani kote. Hawalipwi. Kijana wa Marekani na familia yake ndio wanaochangia, dola 500 kwa mwezi tangu Julai 2020, na wasioweza husaidiwa na mfuko wa kanisa. Kuamka saa 12 na nusu asubuhi, taa kuzimwa saa 4 na nusu usiku. Sinema hakuna, uchumba hakuna, kuogelea hakuna. Hilo la kuogelea hutuchekesha sisi watu wa kisiwa. Mzee anasema alikaa Jinja, Ziwa Viktoria liko mbele yake, maji yale yale aliyokulia Mwanza, na hakutia hata kidole cha mguu.

Lakini sheria inayozipita zote ni ya mwenza. Mmisionari haachwi peke yake. Wawili wanalala chumba kimoja, wanakula pamoja, wanatembea pamoja, na ukitoa choo na bafu hakuna pahala pa kujitenga. Mwenza mwenyewe humchagui. Ukishamzoea anavyokoroma, anahamishwa, unaletewa mwengine.

Mzee alifunzwa Ghana, akapelekwa Uganda. Krismasi yake ya kwanza ilikuwa ya 2022, iliyoangukia Jumapili. Asiyeijua Uganda atadhani nchi yenye Wakristo wengi vile ndiyo pahala hasa pa mmisionari kula sikukuu. Wapi! Ikifika Disemba watu wa mijini hurudi kwao vijijini, vituo vya mabasi hufurika, na mitaa iliyokuwa na kelele mwaka mzima hubaki na mbwa. Asubuhi ile Mzee na mwenza wake, kijana wa miaka 18 kutoka Utah aliyekuwa na wiki sita tu Afrika, walitoka kanisani wakiwa na mwaliko wa chakula cha mchana kwa familia moja ya waumini. Njiani ikaja simu: kuna msiba kijijini, tumeondoka alfajiri, samahanini sana wanetu. Wakageuka. Wakajaribu nyumba mbili tatu za watu waliowajua. Makufuli. Hata wale wakaanga chapati za mayai, ambao siku nyengine wako kila kona, hawakuonekana. Wakarudi chumbani wakala mkate na siagi ya karanga.

“Mlango unaofungwa kwa hasira tulifunzwa namna ya kusimama mbele yake,” Mzee aliniambia. “Uliofungwa kwa sababu watu wamekwenda kwao, huo hatukufunzwa.”

Mchana yule mwenza akaingia bafuni, akakawia. Akafungua bomba ili asisikike analia. Alisahau kwamba maji yalikatika tangu asubuhi. Mzee amekaa kitandani, ukuta mmoja tu katikati, anasikia kila kitu, na bomba linatoa ile pumzi kavu ya mfereji usio na maji.

Nimelifikiria bomba lile kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kuyasikia.

Ilipofika saa 2 usiku Uganda, Utah ilikuwa saa 4 asubuhi. Wakapiga simu zao kwa zamu, kila mmoja akijifanya hasikii ya mwenziwe. Na hapa kuna habari ya kuzingatia. Hadi Februari 2019 wamisionari hawa waliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, siku ya Krismasi na Siku ya Mama. Zilizobaki ni barua na barua pepe. Kisha kanisa likabadilisha: sasa ni kila wiki, katika siku yao ya matayarisho, ile ya kufua na kwenda sokoni, ambayo kwa kawaida ni Jumatatu. Ungedhani simu ya kila wiki imeipunguzia Krismasi uzito wake. Mzee anakataa. Anasema Jumatatu ya kawaida mama anakuuliza umekula nini, umelala vipi, na wewe unajibu. Siku ya Krismasi hakuna anayekuuliza. Simu wanaiegemeza kwenye jagi la maji mezani ili “uwe nasi”, halafu wanaendelea na sikukuu yao.

“Naona mikono tu,” anasema. “Mikono ya wadogo zangu inapita na nyama.”

Kisha bando la mama yake likaisha.

Mantiki ya sheria ya zamani, ile ya simu mbili kwa mwaka, naielewa. Aliyeitunga alikuwa mzoefu wa vijana. Alijua kwamba hamu ya kwao ni kama mbu, humwandama aliyetulia, na kwa hiyo asitulizwe: apangiwe ratiba, apewe kwaya, apewe wagonjwa wa kutembelea, akusanywe na wenziwe chini ya rais wa misheni, yaani mkuu wao wa eneo, wale keki na kuimba. Mambo hayo yote wanayafanya hadi leo mwezi wa Disemba, na kwa wengi yanafaa. Sidhihaki. Mama wa Kizanzibari aliyepeleka binti Maskati kufanya kazi za nyumbani atakwambia hivyo hivyo, kwamba siku za kazi nyingi mtoto hapigi simu akilia. Hulia Ijumaa, siku ya mapumziko.

Lakini kuna kosa ndani yake, nalo ni kuihesabu hamu ya nyumbani kama hasara, mafuta yanayovuja kwenye chombo. Mimi naona ni kinyume chake. Kijana anayebisha hodi akiwa na jibu mkononi wako wengi, na mwenye nyumba ameshazoea kuwapita. Kijana mwenye njaa siku ya sikukuu, kila mama duniani anajua amfanyeje. Nalijua hili kwa sababu niliwahi kuwa kijana huyo, na sikuwa Mmormoni.

Ilikuwa Januari 1999, nina miaka 20, nimetoka siku arubaini na jamaa wa Tabligh. Wasiowajua: ni harakati iliyoanzia India miaka ya 1920 chini ya Maulana Muhammad Ilyas, na utaratibu wake ni mtu kutoka siku tatu kila mwezi, siku arubaini kila mwaka, na miezi minne angalau mara moja katika umri wake. Unajigharimia mwenyewe. Mnalala msikitini, mnapika kwa zamu, mna amiri, na jioni mnatoka gashti, yaani kuzungukia nyumba za watu, mmoja anasema na waliobaki wanamdhukuru Mungu kimya kimya. Sisemi kwamba dini ni moja, wala kwamba ujumbe ni mmoja. Nasema kwamba mtu aliyelala kwenye mkeka wa msikiti wa ugenini, na begi lake ndiyo mto wake, akimsikiliza Mzee anasimulia habari za mwenza na ratiba, hahitaji mkalimani.

Tulikuwa tisa. Tulishuka Mkoani na boti, tukapanda gari hadi kaskazini ya Pemba, kijiji kimoja cha Micheweni mbele ya Konde. Ramadhani ilikuwa imeshafika kati, kaskazi inavuma, jua kali, na mwezi wote ulikuwa mtamu kwa sababu tulikuwa na kazi. Kufuturisha, tarawehe, darsa, kulala. Sikumkumbuka mtu. Kisha mwezi ukaandama.

Asubuhi ya Mfunguo Mosi tuliswali Idi pamoja na kijiji kizima. Watu wakapeana mikono, wakakumbatiana, watoto na kanzu mpya zenye mikunjo ya dukani. Robo saa baadaye kila mtu ameshika njia ya kwake. Msikiti ukabaki na sisi tisa na mikeka. Hakuna aliyetusahau kwa ubaya. Kila nyumba ilidhani nyumba nyengine imetualika. Na amiri wetu, mtu mwema kabisa, alipoona nyuso zimeanza kushuka akafanya kile kile ambacho rais wa misheni angefanya: akasema leo baada ya alasiri tutatoka gashti kama kawaida, maana shetani humpata asiye na shughuli.

Zamu ya kusema ilikuwa yangu. Nyumba ya kwanza tukapiga hodi, tukaulizia wanaume. Akatoka bibi mmoja mfupi, leso imefungwa kichwani, mikono ina unga. Wanaume wamekwenda kiwanjani, akasema. Kanuni ilikuwa tuondoke turudi wakati mwengine. Sijui kwa nini mimi nilifungua mdomo nikaanza maneno niliyoyahifadhi, kwamba mafanikio yetu ya dunia na akhera, bibi, yamo katika...

“Mwanangu,” akanikata, “leo mmekula?”

Nikasema tumekula, alhamdulillahi. Tulikuwa tumekula mihogo ya jana.

“Mmekula nini?”

Hapo nikakosa la kusema, na amiri naye akatazama chini. Bibi akatutia uani. Bokoboko lilikuwa bado la moto, limepigwa likalainika hadi ngano na nyama huzitambui ipi ni ipi, samli imetuama katikati. Akakaa pembeni anatutazama tunavyokula, halafu akaanza kuuliza mmoja mmoja: mama yako nani, yuko hai, anakaa wapi, anajua uko wapi leo? Nilipotaja Kikwajuni akasema ana jamaa zake Kisima Majongoo. Mimi ndiye niliyelia, na sikuwa na bomba la kufungua.

Yale maneno yangu sikuyamaliza. Lakini magharibi ya siku ile wajukuu wake wanne walikuja msikitini kusikiliza, na walikuwa hawajaja hata siku moja tangu tufike. Amiri alisema ni baraka za gashti. Nilimheshimu nikanyamaza. Ilikuwa baraka za bokoboko.

Ndiyo hoja yangu ilipo. Aliyekwenda kutoa, amefunzwa kutoa, na beji yake au kilemba chake kinamtambulisha kuwa mtoaji, hana mkono wa kupokelea sahani. Siku ya sikukuu peke yake ndiyo humlazimisha. Wakuu wa misheni wanaokimbilia kuijaza siku ile kwa ratiba wanamnyima kijana darasa ambalo haliko katika mtaala wao. Ningekuwa na sauti huko Salt Lake City, au kwa amiri wangu wa 1999, ningeomba jambo moja dogo: tarehe 25 beji ivuliwe, mwaliko utafutwe mapema, na ukikosekana, kijana aruhusiwe kupiga hodi kwa jirani yeyote na kusema wazi kwamba yuko peke yake.

Mji wetu huu una historia yake na watu wa namna hiyo. Misheni ya Waanglikana ya Vyuo Vikuu ilihamia Unguja mwaka 1864, na Sultani Majid akampa Askofu Tozer watoto watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wake wa kwanza. Soko la watumwa likafungwa Juni 1873, kanisa likajengwa pale pale Mkunazini, na ibada ya kwanza ikasaliwa humo siku ya Krismasi ya 1877, paa likiwa bado. Aliyelisimamia, Edward Steere, ndiye yule aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka 1870. Baadhi ya wamisionari wale walikuwa vijana waliotoka masomoni, homa ikawamaliza, na barua zao za kuitamani Uingereza zimehifadhiwa. Nimezisoma kiasi, na zinagusa. Lakini wale watoto watano walikuwa mbali na kwao kuliko Mwingereza yeyote, tena bila ya mtu wa kumwandikia. Sijakutana na ukurasa unaouliza sikukuu yao ya kwanza waliila vipi.

Niwarudishe leo. Ukitaka kumwona kijana wa shati jeupe na beji kifuani akiwa mbali na kwao wakati wa Krismasi, huhitaji kumtafuta Mmormoni. Nenda Nungwi, Kiwengwa au Paje. Wiki ya mwisho ya Disemba hoteli zimejaa, likizo hakuna kwa mtu, na vijana wa Moshi, Mbeya na Mwanza wamevalishwa kofia nyekundu wanawabebea wageni sikukuu kwenye sinia. Wanatabasamu kwa sababu tabasamu ni sehemu ya sare. Tofauti yao na Mzee ni kwamba wao wanalipwa, na kwamba hakuna aliyeandika kanuni yoyote kuhusu hamu yao ya nyumbani, ya kuiruhusu wala ya kuizuia. Wanapiga simu nyuma ya jiko, karibu na mapipa, dakika tano, kabla msimamizi hajaita. Wenye hoteli wanaojisifu kwa ukarimu wa Kizanzibari wangeanza na hilo: mlo mmoja wa kukaa chini, siku ile, kwa zamu, nao wakihudumiwa.

Na sisi wenyewe? Hapa ndipo barza yangu haitanipenda.

Idi zetu hapa ni siku nne, mosi hadi nne, na hakuna anayesahauliwa. Sahani zinatembea mtaa mzima. Watoto wanazunguka kudai mkono wa Idi, jioni wanavaa nguo mpya kwenda viwanjani. Idi iliyopita Mzee alipata sahani tatu za pilau, moja imetoka kwa mwanamke ambaye hadi leo hajui jina lake. Kule Makunduchi ikifika Julai, siku ya Mwaka Kogwa, mtu asiye na mgeni nyumbani kwake huonekana hana furaha. Hatuna haja ya kufunzwa kupokea. Lakini tarehe 25 Disemba barza ile ile inacheza bao kama siku nyengine, mpangaji wa Bara anatoka asubuhi na shati lililopigwa pasi, anarudi saa nane, anafungua kufuli la chumba chake, na hakuna anayemuuliza umekula nini.

Najua masheikh wamehitilafiana kuhusu kumpongeza Mkristo kwa sikukuu yake. Mimi si mwanachuoni na sitaingia humo. Lakini nimeuliza pale barzani, kwa adabu, ni wapi palipoandikwa kwamba haki ya jirani ina tarehe isiyofanya kazi. Mmoja alisema atanitafutia. Huu mwezi wa tano.

Tena kalenda yenyewe haituachi. Disemba ya 2000 Krismasi na Idi zilipishana kwa siku mbili tatu. Nakumbuka Darajani, Waislamu na Wakristo katika foleni moja ya mchele, wote wanalalamikia bei ile ile. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba, karibu mno na Krismasi. Tutakuwa tunanunua tende, wao wananunua soda, kwenye duka moja.

Disemba iliyopita Mzee hakupata likizo. Mama yangu, ambaye hana habari na mijadala ya masheikh wala makala za mwanawe, alipika wali wa nazi na kuku wa kupaka, akapakua sahani, akaifunika kwa kawa, akamwita binti yangu. “Mpelekee Mzee, leo sikukuu yake. Na mwambie sahani naitaka.” Binti anasema Mzee aliipokea kwa mikono miwili akabaki amesimama nayo mlangoni, kama mtu asiyeambiwa aiweke wapi.

Sahani ikakaa siku tisa. Mama akaanza kunung'unika. Sahani yenyewe ni ya maua, katika seti iliyobaki nne. Nikamwambia mtoto wa watu kaishi nasi vya kutosha, keshajua kwamba sahani hairudi tupu, na pengine bado anatafuta cha kutia.

Siku ya kumi, baada ya alasiri, tukasikia hodi. Mzee yuko nje, amerudi nyuma hatua mbili kutoka mlangoni, mkao ule aliofunzwa, uso umetulia unangoja.

“Karibu ndani! Mbona umesimama kama mdai?” mama akamwita.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Pita.”

Kifurushi kilikuwa kimefika kutoka Mwanza, basi hadi Dar es Salaam kisha boti. Juu ya sahani ya maua alikuwa amepanga matobolwa, yale mapande ya viazi vitamu yaliyochemshwa yakakaushwa juani, magumu, rangi ya udongo. Mama akachukua moja, akaligeuza, akalitia mdomoni upande wenye meno. Akatafuna muda mrefu. Sote tukamngojea.

“Nini hiki?”

“Viazi, mama. Mama yangu ndiye kanikaushia.”

Akaendelea kutafuna. “Magumu,” akasema. “Lakini yana utamu. Yanataka chai haya.” Halafu akamtazama Mzee, akakumbuka, akageuza shingo kuelekea jikoni akaita wateleke mchaichai.